Aliyepima Naye Amepiga?

Ndugu msomaji, nianze kwa swali, nawe usinijibu haraka. Watu wawili wamekaa juu ya dungu, shambani. Mmoja kashika bunduki, wa pili kashika kijidude cha kupimia umbali. Wa pili anataja namba, wa kwanza anafyatua. Mambo yakiharibika, lawama ni ya nani?

Swali hili sikuliokota kitabuni. Nimetoka nalo Miburani, kisiwani Mafia, na tangu siku hiyo halinipi usingizi mzuri. Na ukitaka kujua mimi ni yupi kati ya wale wawili, basi mimi ni yule wa pili.

Mjomba wangu ni mkulima wa mihogo chini ya minazi, kama walivyo wengi kule. Adui yake mkubwa ni nguruwe mwitu. Wewe uliyezaliwa Manzese au Magomeni huenda ukamwona nguruwe ni mnyama wa kuchekesha. Subiri ulime! Kundi likiingia shambani usiku, alfajiri unakuta matuta yamefukuliwa utadhani trekta limepita, na mihogo ya mwaka mzima imebaki maganda. Halafu kuna jambo la pili. Mafia watu wengi ni Waislamu, na nguruwe haliwi. Akiuawa hakuna kitoweo wala ngozi, anafukiwa basi. Kwa hiyo anayempiga hawezi kujitetea kwamba alikuwa na hamu ya nyama. Anampiga kwa sababu kati ya mkulima na mnyama mmoja lazima alale njaa, na mkulima ameshaamua nani alale njaa. Nakubali, ni uamuzi wa haki. Lakini ni uamuzi mzito, hauchukuliwi kwa mzaha.

Mjomba ana bunduki moja ya zamani, yenye leseni, na ana kibali cha kulinda mazao. Miaka yote kipimo chake cha umbali kilikuwa minazi. Minazi iliyopandwa kwa kamba hukaa kama mita 9 kutoka shina hadi shina. Ukipanda juu ya dungu la mjomba unaona mstari umenyooka mbele yako, naye huuhesabu kwa kunong'ona: mmoja, miwili, mitatu, mpaka wa kumi na mbili. Zidisha mwenyewe, ni mita 108. Nguruwe akiwa ndani ya mnazi wa 12, mjomba hupiga risasi. Akiwa nje ya hapo, mjomba hupiga debe. Naam, debe tupu, kwa rungu, na nguruwe hutimua mbio.

Nilipokuwa mdogo nilimwuliza kwa nini asimpige yule aliyeko mnazi wa kumi na tano, mbona anaonekana. Akanijibu, "Kumwona namwona. Lakini nikimjeruhi kule, na giza linaingia, nitamfuata na nini?" Sikumwelewa. Nilidhani ni woga wa kizee tu.

Miaka ikaenda, minazi nayo ikazeeka. Mingine imeangushwa na upepo, mingine imeliwa na chonga mpaka ikafa. Mstari ukawa na mapengo kama kinywa cha babu, ukihesabu unajikuta umeruka. Ndipo mjomba aliponipigia simu hapa Dar.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hivi huko mjini hakuna kile kitochi cha kupimia umbali? Unamwelekezea mtu, kinakwambia yuko mita ngapi."

"Mtu tena, mjomba?"

Akacheka. "Nguruwe basi. Nitafutie."

Nikaingia mtaani. Kwa faida ya wale wasiokijua, kifaa chenyewe ni kipima-umbali cha leza. Umbo lake ni kama darubini ya jicho moja, kinatosha kiganjani. Ukibonyeza kitufe kinatuma mshindo mfupi sana wa nuru isiyoonekana kwa macho. Nuru inagonga kitu, sehemu yake inarudi, na kifaa kinapima muda wa kwenda na kurudi. Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Basi kifaa kinachukua muda ule, kinazidisha kwa mwendo wa nuru, kinagawa kwa mbili, na mita zinatokea ndani ya kioo. Yote hayo kabla hujapepesa jicho.

Nilijifunza mengine pia, na nayaeleza kwa sababu yana uzito huko mbele. Kwanza, ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ina ujanja ndani yake. Ikiandikwa mita 1,000, maana yake ni mita 1,000 kwa kitu kinachong'aa, kama kibao cha barabarani. Mti hurudisha nuru kidogo, na manyoya ya mnyama kidogo zaidi, kwa hiyo kwa mnyama huenda usipate hata nusu ya namba ile. Pili, mvua na ukungu huirudisha nuru kabla haijafika, ukapimiwa matone. Tatu, vingi vinatumia betri fupi nene iitwayo CR2, na hiyo huipati katika kila duka la kijijini. Nne, kuna vyenye hesabu ya mwinuko kwa wawindaji wa milimani, na bei yake iko juu. Kwa Mafia iliyo tambarare ni kulipia mlima ambao huna.

La tano ndilo lililonishangaza. Vipima-umbali vya wacheza gofu na vya wawindaji vinafanana kwa sura lakini tabia zake ni mbalimbali. Mcheza gofu anataka umbali wa kijiti cha bendera, na nyuma ya kijiti kuna miti. Kwa hiyo kifaa chake kimefundishwa kuchukua kilicho karibu na kuacha kilicho mbali. Mwindaji yuko kichakani, mbele yake kuna majani na vijiti, mnyama yuko nyuma yake. Kwa hiyo kifaa chake kimefundishwa kuchukua kilicho mbali na kupuuza kilicho karibu. Nilipoelezwa hivyo nilitingisha kichwa tu, kwamba nimeelewa. Kumbe nilikuwa sijaelewa kitu.

Mbele yangu palikuwa na vifaa viwili. Kimoja cha kawaida, mita 400 kwenye boksi, bei ya kumudu. Cha pili cha mita 1,000, bei yake ilitaka nikope. Mjomba alikuwa anahitaji kujua kitu kimoja tu: je, huyu yuko ndani ya mita 108 au nje? Hata kile kidogo kilikuwa kikubwa kwa haja yake. Lakini mimi ni kijana wa mjini. Nirudi kijijini na kitu kidogo? Mwuzaji naye akanitia ndimu: "Bwana, mwindaji ni yule anayefika mbali." Nikakopa. Nakiri hapa mbele yenu, washikaji, kwamba kosa langu lilianzia palepale dukani, kabla risasi haijaingizwa kwenye bunduki. Nilimnunulia mjomba haja ambayo hakuwa nayo.

Nilipanda boti Nyamisati, nikashuka Kilindoni, magharibi niko Miburani. Siku mbili za kwanza tulikuwa kama watoto. Tulipima kila kitu: mnazi wa kwanza, paa la msikiti, ng'ombe wa jirani. Mjomba alifurahi sana kugundua kwamba mnazi wake wa 12 ulikuwa mita 110. Kwa miaka yote ile alikosea mita mbili tu!

Jioni ya tatu wakatoka nguruwe watatu, mbali, kule kwenye mibura shamba linapoishia. Nikapima. Kioo kikaniambia 238.

"Mnazi wa ngapi huo?" mjomba akauliza.

Nikagawa kichwani. "Wa ishirini na sita na ushei."

"Mbali," akasema, na mkono wake ukalifuata debe.

Hapo ndipo nikatamka maneno ambayo hata leo yananirudi masikioni. Nilimwambia, "Mjomba, zamani ulikuwa unawaacha kwa sababu hujui umbali. Sasa tunajua."

Akanitazama. Mjomba hajasoma sana, na mbele yake alikuwepo mpwa wake aliyesoma, kaja na chombo cha fedha nyingi. Akaliacha debe. Akainua mtutu juu kidogo ya mgongo wa nguruwe, kwa kuwa risasi huanguka kadiri inavyokwenda na bunduki yake imezoeshwa mita 100. Akavuta pumzi. Akafyatua.

Namba yangu ilikuwa sahihi. Lakini nuru ilikwenda na kurudi kwa muda usiofika sehemu 2 za milioni za sekunde. Risasi ilihitaji karibu theluthi ya sekunde. Ni muda mdogo, nawe utasema si kitu. Nguruwe anayetembea polepole, mita moja kwa sekunde, ndani ya theluthi hiyo huwa ameshasogea zaidi ya sentimita 30. Hizo ndizo zinazotenganisha moyo na tumbo. Kile kifaa kilituambia nguruwe alikuwa wapi nilipobonyeza. Hakikutuambia atakuwa wapi risasi ikifika, na wala hakikudai kujua. Ni mimi niliyesema "sasa tunajua".

Alilia, akaingia kichakani. Mjomba akashuka dungu na tochi, mzee wa miaka sitini na kitu, na mimi nyuma yake. Tulifuata damu mpaka saa tano usiku, tukaipoteza. Siku ya pili ikanyesha mvua, ikafuta kila kitu. Asubuhi ya siku ya tatu tukasikia wasichana wanapiga kelele kisimani.

Mnyama aliyejeruhiwa hutafuta maji. Kisima kilikuwa cha kuchimbwa, mdomo wake uko chini, hauna ukuta wa maana. Alikuwa ameelea humo, amevimba, na harufu imeshaanza. Kisima cha mtaa mzima! Maji ya kunywa, ya kupikia, ya kutawadhia. Kwa Mwislamu maji yaliyogeuka harufu kwa mzoga ni najisi, sembuse mzoga wa nguruwe. Wazee walikusanyika, wakakata shauri kisima kikaushwe, kioshwe, kiachwe kijae, kikaushwe tena. Wanawake wakawa wanakwenda kisima cha mbali.

Mzee mmoja akauliza kwa upole, "Nani kapiga?"

Mjomba akajibu pale pale, "Ni mimi. Nilipiga mbali. Nimekosa, naomba radhi."

Watu wote walimtazama yeye. Hakuna aliyenitazama mimi. Kifaa kilikuwa mfukoni mwa shati langu, nakisikia uzito wake kifuani. Na mimi nikanyamaza.

Siku mbili nilichota maji machafu pamoja na vijana wenzangu. Jioni nilimbebea ndoo bibi mmoja mzee anayekaa karibu na kile kisima. Aliniombea dua njiani. "Mungu akuweke," akasema, "wewe kijana mwema. Mjomba wako sasa uzee unamtia papara." Nikaitikia amin. Siku iliyofuata nikapanda boti.

Sasa turudi kwenye swali letu. Nilipofika Dar nilijitengenezea utetezi mzuri. Mimi nilitaja namba tu. Namba haina dhambi. Namba ilikuwa ya kweli. Anayesema kweli ana kosa gani? Kidole kilikuwa cha mjomba. Na mjomba ni mtu mzima, ana akili zake. Utetezi huu ulinifaa kwa wiki kama mbili.

Ulivunjwa na historia ya Mafia yenyewe. Kisiwa hiki kiliwahi kuwa jicho la mizinga ya mbali. Manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, hapo Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, ng'ambo tu ya Mafia. Waingereza wakaitwaa Mafia Januari 1915, wakatengeneza kiwanja cha ndege. Wakaleta meli mbili zisizohitaji kina kirefu cha maji, Severn na Mersey, zikaingia mtoni. Tatizo ni kwamba adui alikuwa umbali wa kama kilomita 10, nyuma ya mikoko. Mpiga mzinga haoni anachopiga. Basi ndege ikaruka kutoka Mafia. Ndani yake rubani anaitwa Cull, na mwangalizi wake anaitwa Arnold. Kazi ya Arnold ilikuwa kutazama kombora limeanguka wapi na kutuma habari kwa simu ya upepo: ongeza, punguza, kushoto, kulia.

Mwangalizi wa angani hafyatui mzinga. Anataja tu. Tarehe 6 Julai walishindwa. Tarehe 11 Julai 1915 wakarudi. Makombora yakaanza kupata, na mizinga ya Wajerumani nayo ikaipata ndege. Injini imekufa, wanashuka, na Arnold bado anatuma masahihisho ya mwisho. Wakaangukia mtoni, wakaokolewa na watu wa Mersey. Königsberg ikaharibika hadi nahodha wake, Looff, akaamuru ilipuliwe. Mizinga yake ilitolewa ikapigana nchi kavu, na mmoja upo hadi leo pale Fort Jesus, Mombasa. Mabaharia waliokufa kule Rufiji hawakuiona meli iliyowaua.

Sasa tujiulize, nani aliizamisha Königsberg? Waingereza wenyewe hawakusita. Cull na Arnold walipewa nishani za ushujaa. Hakuna aliyesema, "Hawa hawana fungu, walitaja namba tu." Kwenye ushindi mwenye kupima anahesabiwa kuwa amepiga. Kwa nini basi kwenye kisima cha Miburani asihesabiwe? Kama tungempata nguruwe yule pale pale, mimi ningekuwa wa kwanza kusimulia kijiweni: "Tulimpiga mita mia mbili thelathini na nane!" Ningesema tulimpiga, sisi wawili. Yalipokuja maji machafu ikawa alipiga, yeye peke yake. Mtu anayegawana nyama lazima agawane na moshi.

Tena kuna tofauti nyingine inayonifanya nione aibu zaidi. Arnold alitaja namba akiwa ndani ya hatari aliyokuwa anaitaja. Kila kosa lake lilikuwa na mwili wake ndani yake. Mimi nilikuwa na tiketi ya boti.

Nikaipeleka hoja hii kijiweni. Mshikaji wangu mmoja, mtu wa hesabu, akanipinga kwa nguvu, na haki yake tumpe. Alisema, "Unakilaumu chombo bure. Bila chombo watu hukisia, na kukisia ndiko kunakojeruhi wanyama. Mwenye kujua umbali anapiga sawa, mnyama anakufa mara moja, hakuna mateso. Chombo ni huruma." Nilifikiri sana juu ya maneno hayo, kwa sababu ni ya kweli. Kama mjomba angekitumia kile kifaa kuhakikisha tu kwamba nguruwe yuko ndani ya mita 108, makosa yangepungua kweli kweli.

Lakini je, ndivyo tulivyofanya? La. Tulipopewa uhakika zaidi hatukuutumia kupunguza makosa. Tuliutumia kurefusha mkono. Tulibaki na makosa yaleyale, tukayasogeza mbali na miguu yetu. Nadhani hii ndiyo tabia yetu wanadamu, wala si ya wawindaji peke yao. Dereva anayepewa breki bora hukimbia zaidi. Anayepewa mkopo ili apumue hununua kitu kikubwa zaidi. Hivyo mshikaji wangu yuko sawa kuhusu chombo, ila amesahau kuhusu mshikaji wa chombo. Huruma aliyoitaja ipo, lakini haimo ndani ya boksi. Lazima mtu aiweke mwenyewe, na aiweke kabla hajaona mnyama, maana akishamwona hataiweka tena.

Kuna kanuni moja ya zamani ambayo watoto wa chuo cha Kurani wanaijua. Katika mafunzo ya uwindaji, mnyama wa halali aliyepigwa mshale kisha akakutwa amekufa majini, haliwi. Sababu ni kwamba huwezi kujua kama ameuawa na mshale wako au na maji. Nilipokuwa mtoto niliona ni ukali tu. Sasa naona busara iliyomo. Kanuni haiulizi ulikuwa na shabaha nzuri kiasi gani. Inauliza: je, unaijua kazi ya mkono wako mpaka mwisho wake? Kama hujui, basi hicho si chako kukila. Nguruwe wetu hakuwa wa kuliwa tangu mwanzo, lakini swali lile lile lilitungoja ndani ya kisima. Nuru ilimfikia kwa sehemu ya milioni ya sekunde, risasi kwa theluthi ya sekunde, na sisi wenyewe tulimfikia kwa siku tatu. Mjomba alipouliza zamani "nitamfuata na nini?" alikuwa anazungumzia muda huo wa tatu, muda wa miguu. Kipimo chake cha minazi 12 hakikuwa kipimo cha macho wala cha bunduki. Kilikuwa kipimo cha umbali ambao mzee mmoja anaweza kuutembea gizani akakimaliza alichokianza.

Kwa hiyo ukiniuliza leo kipima-umbali gani ununue, nitakujibu, na si kwa mzaha. Anza na miguu yako. Jiulize utafika wapi kabla giza halijaingia, ukaone kwa macho yako ulichofanya. Andika namba hiyo kwenye karatasi. Kisha nenda dukani ukanunue kile kinachosoma vizuri umbali huo kwenye manyoya na kwenye majani, mvua imetoka kupita, betri yake inapatikana. Ile namba kubwa ya kwenye boksi iache palepale kwenye boksi. Na ukiwa wewe ndiye mshika kipimo wala si mshika bunduki, jua kwamba kuna namba ambazo ni sahihi na hazifai kutajwa hivi hivi. Ningeweza kusema "238, mbali, piga debe." Ingekuwa kweli ileile.

Nasi tunaotaka kuwa waandishi, naogopa hatumo nje ya jambo hili. Mimi ninapokaa Sinza na kalamu, nikaandika habari za watu wa kijijini ambao sitakutana nao kesho kisimani, napima kutoka mbali. Naweza kuwa sahihi kabisa na bado nikajeruhi. Ndiyo maana kabla ya kuleta makala hii nilirudi Miburani.

Nilianza kwa mjomba. Nikamwambia nataka kuwaeleza wazee kwamba mimi ndiye niliyemshawishi. Akanikatalia. "Nilikuwa na bunduki mkononi, mwanangu. Mtu mwenye bunduki hashawishiwi." Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho akasema, "Wewe lako ni lako, mimi langu ni langu. Usinipunguzie langu ili lako liwe kubwa." Nikaona kumbe hata katika kukiri kuna tamaa. Nilidhani lawama ni kama mkate, nikichukua kipande chake kinapungua. Yeye anaamini kila mmoja ana mkate wake mzima. Mpaka sasa sijapata hoja ya kumshinda.

Kisha nikaenda kwa yule bibi. Nikamsimulia yote, namba, maneno yangu, na ukimya wangu. Alinisikiliza huku anachambua mchele. Nilipomaliza akaniuliza, "Haya. Na sasa umeniambia ili mimi nifanye nini?"

Sikuwa na jibu. Akanyoosha mkono kwenye ndoo mbili tupu mlangoni. Kisima kilikuwa kimeshasafishwa zamani, tena wamekijengea ukuta wa mawe unaofika kiunoni. Nikaenda nikachota.

Jioni nilipanda dungu na mjomba. Ule mnazi wa 12 sasa umefungwa kitambaa chekundu, na kwenye kila pengo la mstari ametia mche mpya. Kifaa kiko ndani ya kopo la maziwa, chini ya kitanda, betri imekwisha na hajauliza nyingine. Nguruwe wakatokea kule kwenye mibura, karibu palepale. Mjomba akanipa rungu, nami nikapiga debe.

Wenzangu, mshikaji wangu wa hesabu bado anashikilia kwamba aliyepima hakupiga, na mjomba anasema kila mmoja amepiga lake zima. Mimi niko kati yao. Leteni hoja zenu, tuzisome katika toleo lijalo.